Kufuli, Nailoni au Lakiri: Njia Ipi Inalinda Begi Linalokaguliwa Usipokuwapo

Begi likishakabidhiwa kaunta na kupotelea nyuma ya mapazia ya mpira, linaingia katika mikono ya watu ambao msafiri hawaoni. Kati yao yumo mwenye mamlaka ya kisheria ya kulifungua, yaani mkaguzi wa usalama, na huenda akawemo mwingine asiye na mamlaka hayo ila ana tamaa. Njia yoyote ya kulifunga begi inapaswa kuwakabili wote wawili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ushauri mwingi wa madukani unapopotoka, kwa sababu muuzaji husifia uimara wa chuma cha kufuli lake bila kutaja kwamba kufuli gumu ambalo mkaguzi hana ufunguo wake hukatwa kwa koleo, na begi likaendelea na safari likiwa wazi kwa yeyote atakayelishika baadaye.

Nimelinganisha hapa njia zinazotumiwa zaidi na wasafiri wa kwetu, ambazo ni kufuli la kawaida, kufuli la TSA (lenye tundu la ufunguo mkuu wa wakaguzi wa Marekani), sanduku lisilo na zipu, nailoni ya kuvingirisha na lakiri ya plastiki (kifungo chenye namba kisichofunguka bila kukatwa), kwa vipimo vitatu. Cha kwanza ni kama mkaguzi anaweza kufungua na kufunga tena bila kuharibu kitu. Cha pili ni kama mwenye begi ataweza kutambua, kabla hajatoka uwanjani, kwamba limeguswa. Cha tatu, ambacho wengi hukisahau, ni kama begi litabaki limefungwa likirushwa, likibanwa na kudondoka kutoka mkanda mmoja hadi mwingine. Bei nimeitaja pale tu inapobadilisha uamuzi.

Kanuni zinazomruhusu mkaguzi kufungua

Kufuli la TSA lilizaliwa Marekani, na haliwezi kueleweka bila historia fupi ya huko. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usalama wa usafiri wa anga ambayo Rais George W. Bush aliitia saini Novemba 19, 2001. Sheria hiyo iliunda mamlaka ya usalama wa usafiri ijulikanayo kama TSA, na ikaagiza kwamba kufikia Desemba 31, 2002 kila begi linalopakiwa kwenye tumbo la ndege liwe linachunguzwa kama lina vilipuzi. Kabla ya hapo ni sehemu ndogo tu ya mabegi ya safari za ndani ya nchi hiyo iliyokuwa ikipitishwa kwenye mashine. Kwa kuwa mashine ikitilia shaka begi ni lazima mtu alifungue, na kwa kuwa mwenye begi wakati huo ameshakwenda zake kwenye lango la kupandia ndege, abiria wa miezi ile ya mwanzo waliombwa waache mabegi yao bila kufuli kabisa.

Ombi hilo halikupendwa, na mwaka 2003 likapatikana suluhisho la kibiashara. Kampuni ya Travel Sentry, na pembeni yake Safe Skies, zilikubaliana na TSA kwamba watengenezaji wa makufuli waweke tundu la pili linalofunguka kwa ufunguo mkuu walio nao wakaguzi. Makufuli ya Travel Sentry yana alama ya almasi nyekundu, na ya Safe Skies yana alama ya mwenge mwekundu. Karibu na tundu huwa pameandikwa namba kama TSA002 au TSA007, na nimewasikia wauzaji wakidai kwamba namba kubwa ndiyo yenye usalama zaidi. Hilo si kweli, kwani namba hiyo inamwelekeza mkaguzi achukue ufunguo upi katika kifungu chake, basi.

TSA yenyewe inaeleza kwamba mabegi mengi hupita bila kufunguliwa kwa mkono. Likifunguliwa, mkaguzi huacha ndani yake karatasi iliyochapishwa inayomjulisha mwenyewe kwamba begi lake lilikaguliwa. Kama lilikuwa na kufuli ambalo hana ufunguo wake, ana ruhusa ya kulivunja, na mamlaka hiyo hailipi kwa kufuli au begi lililoharibika kwa sababu hiyo. (Kuna jambo moja la kustaajabisha katika kanuni hizo: bunduki isiyo na risasi, ikisafirishwa, hutakiwa iwe katika kasha gumu lililofungwa ambalo ufunguo wake anabaki nao abiria peke yake. Kwa maneno mengine, bunduki inaruhusiwa kufungiwa kwa namna ambayo shati haliruhusiwi.)

Msafiri wa Afrika Mashariki anaweza kusema kwamba haya hayamhusu mpaka atakapoanza safari akiwa Marekani, na hapo ndipo anapokosea. Chukua safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 28, 2018. Abiria anayeunganisha kwenda Minneapolis au Dallas hulichukua begi lake New York, hupita nalo forodhani, kisha hulikabidhi upya kwa ajili ya safari ya ndani, na hapo linaingia mikononi mwa TSA ingawa lilishakaguliwa Nairobi. Kwa sababu hiyo kufuli zuri lililonunuliwa Kariakoo linaweza kufika salama New York na kukatwa kilomita chache kutoka pale lilipotua.

Katika viwanja vya kwetu utaratibu una sura nyingine. Jomo Kenyatta, Entebbe na jengo la tatu la Julius Nyerere lililofunguliwa mwaka 2019 vyote vina ukaguzi wa eksirei kabla ya kufika kaunta, na wakati huo mwenye begi yupo upande wa pili wa mashine. Askari akitaka kuona ndani, anakuita ufungue mwenyewe. Kufuli la aina yoyote linafaa katika hatua hiyo, mradi ufunguo uwe mfukoni na usiwe ndani ya begi lenyewe, jambo ambalo nimeliona likitokea zaidi ya mara moja. Lakiri na nailoni ni vema visubiri mpaka begi litoke kwenye mashine hiyo, ama sivyo utalipia mara mbili.

Kufuli la kawaida dhidi ya kufuli la TSA

Kwa ugumu wa kuvunjika, tofauti kati ya makufuli haya mawili ni ndogo mno, kwa sababu yote ni madogo, mengi ni ya aloi laini ya zinki, na koleo la fundi bomba huyamaliza kwa mbano mmoja. Tofauti iko kwenye yatakayotokea baada ya ukaguzi. Kufuli la kawaida likikutana na mkaguzi asiye na ufunguo, linakatwa, na kuanzia hapo zipu haina kifungo mpaka mwisho wa safari. Kufuli la TSA linafunguliwa, begi linatazamwa, na kufuli linarudishwa, ijapokuwa mkaguzi mwenye haraka anaweza kulirudisha kwenye kitelezi kimoja tu cha zipu badala ya viwili.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Ufunguo unaofungua kila kufuli la aina moja duniani haukai kuwa siri. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilichapisha picha ya funguo kuu za TSA katika makala kuhusu safari ya begi uwanjani. Mwaka 2015 watu waliitambua picha hiyo, wakachora funguo kwa kompyuta na kuweka michoro kwenye mtandao wa GitHub, ambako yeyote mwenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki angeweza kujitengenezea. Mwaka 2016 ufunguo wa Safe Skies nao ukafuata njia hiyo hiyo. TSA ilijibu kwamba makufuli haya ni bidhaa za kumpa msafiri utulivu wa moyo na kwamba hayamo katika mfumo wa usalama wa anga, jibu ambalo kwa mnunuzi ni la kweli na la kuudhi kwa pamoja.

Hata hivyo sioni kwamba uvujaji huo unalipatia ushindi kufuli la kawaida. Mtu anayeiba katika sehemu ya kupakia mizigo ana sekunde chache tu, na kwa sababu nitakayoieleza hapa chini, hahitaji ufunguo wala koleo. Kwa anayekwenda au kupitia Marekani, nachagua kufuli la TSA bila kusita. Kwa safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza au Mombasa hadi Kisumu, kufuli la kawaida linatosha na ni la bei nafuu. Vyovyote iwavyo, kufuli la tarakimu 3 lina michanganyiko 1,000 tu, kuanzia 000 hadi 999, na linatoka kiwandani likiwa limewekwa 000. Ukishalinunua libadilishe namba siku hiyo hiyo, kisha liache tarakimu zake zote zikiwa zimevurugwa, maana watu wengi husogeza gurudumu moja tu na kudhani wamefunga.

Zipu ndiyo mlango wenyewe

Niliwahi kulipokea begi ambalo kufuli lake lilikuwa limekaa pale pale nilipoliacha, vitelezi viwili vya zipu vimebanwa pamoja, na kwa macho hapakuwa na dosari yoyote. Nyumbani nilikuta chupa mbili za manukato na simu ya zawadi hazimo. Sikuwa na la kumweleza mtu, kwa kuwa nilishaondoka uwanjani, na hata ningebaki ningemwonyesha afisa begi lililofungwa vizuri.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Zipu nyingi za mabegi ya safari zina meno ya uzi wa nailoni uliosokotwa, na ncha ya peni ya kawaida ikisukumwa katikati ya meno hayo yanaachana bila kukatika. Kisha vitelezi vikiburutwa pamoja na kufuli lao kuzunguka begi, meno hushikana tena nyuma yao kana kwamba hapakuwa na lolote. Kufuli halikuguswa, na hakuna alama iliyobaki. Hapa ndipo kipimo changu cha pili kinapoanza kuyatenganisha makufuli yanayoning'inia na yale yaliyojengewa kwenye begi.

Kufuli linaloning'inia, liwe la TSA au la kawaida, linaunganisha vitelezi viwili vyenyewe kwa vyenyewe, na linaviacha huru kutembea kuzunguka begi. Kufuli lililojengewa kwenye mwili wa begi hushika vitelezi hivyo mahali pamoja pasipohama, kwa hiyo zipu iliyoachanishwa kwa peni haiwezi kufungwa tena kwa kuburuta vitelezi. Mwizi anaweza bado kuingia, lakini hawezi kuficha, na begi litakuja kwenye mkanda likiwa na mdomo wazi ambao hata afisa asiyetaka kuuona atauona. Kama begi lako halina kufuli la kujengewa, faida hiyo hiyo inapatikana kwa kulifungia kufuli lako kwenye pete au kwenye tako la mpini, pamoja na vitelezi vyote viwili. Ni jambo la sekunde tano ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunielekeza.

Kufuli la kuning'inia lina udhaifu mwingine mdogo: hunasa kwenye kingo za mikanda ya mizigo na kung'oka pamoja na kitelezi. La kujengewa halinasi, ila likiharibika linaharibika na begi zima.

Kuna pia mabegi yenye zipu ya tabaka mbili au ya meno mazito yaliyoumbwa moja moja, ambayo peni haiyaachanishi kwa urahisi. Dukani jaribu mwenyewe kwa idhini ya muuzaji. Akikataa, umeshapata jibu.

Sanduku lisilo na zipu

Sanduku gumu linalofungwa kwa komeo mbili au tatu kwenye fremu ya aluminiamu, mara nyingi likiwa na tundu la TSA kwenye komeo zenyewe, linafaulu vipimo vyote vitatu. Halina zipu ya kuchomwa, mkaguzi wa Marekani analifungua na kulifunga tena, na likilazimishwa fremu hupinda kwa namna inayoonekana.

Tatizo lake ni uzito na bei. Fremu huongeza kilo moja, wakati mwingine mbili, juu ya begi la zipu la ukubwa ule ule, na kwa mtu aliyepewa kikomo cha kilo 23 kwa kila begi, kilo mbili ni vitenge vya ndugu watatu. Halipanuki pia, wakati begi la kitambaa humezea kitu cha dakika ya mwisho ambacho shangazi amekuletea mlangoni. Aliyesoma bweni atakumbuka sanduku la bati lenye kitanzi cha kufuli, ambalo kwa kanuni ni wazo lile lile, lakini kingo zake hukwaruza kila kitu na uzito wake mtupu unatisha. Silipendekezi kwa ndege. Fremu ya aluminiamu nampendekezea anayesafiri mara kadhaa kwa mwaka na vitu vichache vya thamani ya kati, kama vile nguo nzuri na vifaa vya kazi.

Nailoni dhidi ya lakiri

Hapa ndipo wasafiri wa kwetu hutumia fedha nyingi zaidi kuliko inavyostahili, na ndiyo sababu nitakaa kidogo.

Kuvingirisha begi kwa nailoni kwenye mashine ya uwanjani kuna faida mbili za kweli. Ya kwanza ni kwamba begi lililojaa kupita kiasi halitapasuka, na kwa kipimo changu cha tatu nailoni haina mshindani. Ya pili ni kwamba mtu wa peni hawezi kuifikia zipu bila kuchana tabaka nyingi zinazoacha tundu dhahiri. Kwa safari isiyo na ukaguzi wa pili, kwa mfano Zanzibar hadi Muscat bila kuunganisha, nailoni inafika ilivyotoka, na mwenye begi anaweza kulitazama kwenye mkanda na kujua mara moja.

Lakini nailoni ikikutana na mkaguzi inachanwa, na hakuna anayeirudisha. Kwa anayeingia Marekani na kuunganisha, nailoni inachanwa kwenye ukaguzi wa pili kama begi limechaguliwa, na kuanzia hapo linasafiri bila kinga yoyote, isipokuwa kama chini ya nailoni palikuwa na kufuli. Malipo yake ni ya kila begi na kila safari, kwa hiyo kwa safari ya kwenda na kurudi na mabegi mawili unalipa mara nne kitu ambacho mwisho wake ni jaa. Kufuli la TSA linalipiwa mara moja.

Kuna pia suala la umbo. Tangu Machi 8, 2017 uwanja wa Dubai ulianza kukataa mizigo ya duara au isiyo na upande bapa, kwa kuwa huikwamisha mitambo ya kusafirishia mabegi. Wafanyabiashara wanaorudi Dar es Salaam au Mombasa na marobota wanalijua hili kwa gharama. Robota likivingirishwa nailoni mpaka likawa kama tufe, kinga yenyewe inageuka sababu ya kurudishwa kaunta na kufungwa upya kwenye boksi. Mwenye mzigo wa namna hiyo aanze na boksi au begi lenye upande bapa, kisha avingirishe.

Lakiri ni kitu cha hadhi ndogo kwa sura. Nazungumzia zile za plastiki zenye namba, za kuvuta na kujikaza, za jamii ya zile zinazofungia masanduku ya kura na milango ya malori ya mizigo. Huuzwa kwa mafungu, na kila moja ina namba yake isiyorudiwa katika fungu hilo. Haimzuii mtu aliyeamua, kwani mkasi wa kucha unatosha kuikata, na kwa kipimo cha ugumu inashika mkia. Kwa kipimo cha kutambua kwamba begi limeguswa inashika nafasi ya kwanza, kwa sababu lakiri iliyokatwa haiungiki, na nyingine haiwezi kuwekwa mahali pake bila namba kutofautiana. Kamba za plastiki wanazofungia nyaya mafundi umeme zinafanana nayo kwa kazi lakini hazina namba, na mtu aliyekata nyeusi anaweza kurudisha nyeusi nyingine. Ukilazimika kuzitumia, chagua rangi ya ajabu.

Anayetumia lakiri afanye mambo matatu: aipitishe kwenye vitelezi vyote viwili na kwenye pete ya begi kwa sababu ile ile ya zipu, aipige picha namba ikisomeka, pamoja na lebo ya begi, kabla hajalikabidhi, na aweke lakiri mbili tatu za akiba kwenye mkoba wa mkononi kwa ajili ya ukaguzi wa katikati ya safari ambako analichukua begi na kulikabidhi tena. Mkasi wa kucha uwekwe mfuko wa nje wa begi hilo hilo. Nimeshaona mtu mzima akihangaika kuing'ata lakiri yake mwenyewe mbele ya wafanyakazi wa hoteli.

Kati ya hizi mbili, kwa begi imara ambalo halikujazwa kupita kiasi, nachagua lakiri. Kwa begi la zamani, begi la kitambaa chepesi, au boksi lililofungwa kwa gundi ya karatasi, nailoni inastahili bei yake.

Mchanganyiko ninaoutumia mwenyewe katika safari ndefu ni kufuli la TSA pamoja na lakiri, vyote vikiwa kwenye pete moja. Mkaguzi wa Marekani atakata lakiri, atafungua kufuli kwa ufunguo wake, atatazama, ataweka karatasi yake na kufunga. Nikipokea begi lisilo na lakiri lakini lenye karatasi, najua ni nani aliyefungua na kwa haki gani. Nikilipokea bila lakiri na bila karatasi baada ya safari ya ndani ya Marekani, nina sababu ya kufungua begi pale pale ukumbini na kuhesabu. Nje ya Marekani karatasi hiyo si ya kutegemea, kwa hiyo nahesabu kila lakiri inapokosekana.

Mikanda, vifuatiliaji na begi lisilofungwa

Mkanda wa rangi unaozungushiwa begi unazuia kupasuka kiasi fulani, na unasaidia kulitambua begi jeusi kati ya mabegi meusi mia. Kama kinga hauna maana, na mkaguzi akishaufungua si lazima aurudishe.

Kifuatiliaji kama AirTag ya Apple, iliyoingia sokoni Aprili 2021, hakizuii chochote bali kinakuonyesha begi liko wapi. Mwaka 2022 palizuka mkanganyiko pale Lufthansa iliporipotiwa kuvikataa, kisha ikathibitisha kwamba vinaruhusiwa. Betri yake ni ile ndogo ya duara kama ya saa, na iko chini sana ya kiwango kinachozuiwa. Usikichanganye na pawabenki au betri za akiba za lithiamu, ambazo haziruhusiwi kabisa kwenye begi linalopakiwa. Zikionekana kwenye mashine ndiyo sababu mojawapo ya begi kufunguliwa. Mabegi ya kisasa yenye betri ya kujengewa isiyotoka nayo yamekuwa yakikataliwa na mashirika mengi tangu Januari 2018.

Kuliacha begi bila kufuli kabisa kuna watetezi wake, na hoja yao ni kwamba hakuna cha kukatwa. Kwa begi la nguo zilizovaliwa za mtu arudiye nyumbani, sina la kuwapinga, ila vitelezi vifungwe hata kwa uzi ili zipu isifunguke yenyewe.

Kuchagua kwa kufuata safari

Anayesafiri ndani ya nchi au kati ya miji ya Afrika Mashariki kwa ndege moja, kufuli la kawaida lililofungiwa kwenye pete, pamoja na lakiri, linamtosha. Anayekwenda Oman au Falme za Kiarabu bila kuunganisha anaweza kuchagua nailoni kama begi lake ni dhaifu, na akumbuke suala la umbo akipitia Dubai. Anayeunganisha ndege mbili au tatu kwenda Ulaya atumie kufuli la kujengewa, kwa kuwa mikono itakayolishika begi ni mingi na yeye hataligusa mpaka mwisho. Anayekwenda Marekani achukue kufuli la TSA na lakiri, na fedha ya nailoni aibakize mfukoni.

Upakiaji nao unapunguza uwezekano wa begi kufunguliwa. Vitu vizito vilivyoshikamana, kama vile pakiti za unga, mitungi ya asali na vitabu vilivyorundikwa pamoja, huonekana kwenye skrini kama bonge moja lisilosomeka. Vikitawanywa, na vile vya kutiliwa shaka vikawekwa juu, mkaguzi akifungua ataviona bila kupekua hadi chini. Dhahabu, fedha taslimu, kompyuta, dawa na hati hazimo katika ulinganisho huu, kwa sababu hakuna kifungo hata kimoja kati ya nilivyovitaja ambacho ningekikabidhi vitu hivyo.

Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unaweka kikomo cha fidia ambacho shirika la ndege litalipa kwa mizigo ya abiria mmoja. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo hicho ni 1,519 kwa kipimo cha SDR cha Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani takriban dola 2,000 za Marekani, isipokuwa abiria awe ametangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi begi na kulipa nyongeza kama ilidaiwa. Malalamiko ya begi lililoharibika yanatakiwa yafikishwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na ya begi lililochelewa ndani ya siku 21. Hata hivyo siku 7 zisikudanganye: anayeripoti akiwa bado ndani ya ukumbi wa mizigo, akajaziwa fomu ya kuripoti tatizo la mzigo, inayoitwa PIR, yuko mbali mbele ya anayerudi kesho yake. Mwombe afisa alipime begi papo hapo na kuandika uzito kwenye fomu, kwa sababu uzito wa kuondokea ulishaandikwa kaunta na tofauti ya kilo tatu haihitaji shahidi. Picha ya namba ya lakiri iambatishwe kwenye fomu hiyo, pamoja na kile kipande cha lebo walichokibandika nyuma ya pasi yako ya kupandia ndege.